Jiko Lililokamilika Siku ya Ahadi

Nesi alisema wiki sita. Alisema mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa naangalia viatu vyake. Vilikuwa vyeupe kabisa, na mimi nimetoka nyumbani kwa baiskeli, vumbi la kijiji chetu cha Sapiwi limenijaa mpaka masikioni, nikawa najiuliza mtu anavaaje viatu vyeupe katika nchi hii. Ndivyo nilivyo. Jambo kubwa likisemwa mbele yangu, macho yanakwenda kwenye jambo dogo.

"Mzee, unanisikia?" akasema. "Mkeo tumemgeuza kope. Zilikuwa zimejikunja kwa ndani, kila akipepesa zinamkwangua jicho. Sasa zimekaa sawa. Akae hapa mjini kwa mdogo wake wiki sita, tumsafishe, tumwangalie. Lakini akirudi kwenye moshi ule ule, kazi yetu bure. Safari ijayo ataletwa hapa kwa kushikwa mkono."

"Nimesikia."

"Wiki sita uwe umemtengenezea jiko lisilo na moshi. Unaweza?"

Nikasema naweza. Mke wangu alikuwa amelala pale kitandani, macho yote mawili yamefungwa bandeji, akacheka.

"Nesi, usimwamini huyo. Kibanda cha mbuzi tu kilimchukua mvua mbili."

Nesi akacheka, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka. Mimi nilicheka kwa mdomo tu. Moyoni niliapa kwamba safari hii siku ikifika, jiko litakuwa limesimama. Niliapa kwa sababu ya macho yake, sisemi uongo, lakini niliapa pia kwa sababu ya kile kicheko.

Jiko letu la zamani lilikuwa kibanda cha udongo cha mviringo, nyasi juu, masizi yananing'inia kama manyoya. Kuni kwetu zilikwisha zamani. Wanawake walikuwa wanapikia mabua ya mtama, miti ya pamba iliyong'olewa shambani, na mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Mavi yana moto mzuri wa taratibu, unaivisha maharage bila haraka, ila moshi wake unakaa. Mke wangu aliinama juu ya moshi huo tangu siku nilipomwoa, na ugonjwa wa macho wa vikope ukamshika akiwa humo humo. Sikuwahi kuuliza kulikoni. Mwanaume wa rika langu kuingia jikoni ilikuwa ni kujitafutia jina kijijini. Chakula kilikuja kimefunikwa, nikala, nikarudisha sahani.

Mimi shule niliishia darasa la pili. Kusoma najua, kuandika ndio huku mnakoona, na kalenda nyumbani haikuwepo. Nikachukua mbegu za pamba arobaini na mbili nikazitia kwenye kopo. Kila asubuhi natoa moja naitupa. Kopo likiwa tupu, mke yuko njiani.

Wakati huo tulikuwa bado mkoa wa Shinyanga, huu wa Simiyu haujazaliwa, na ruksa ndiyo ilikuwa imeingia. Vijana hawajui ruksa ilikuwa nini. Kabla yake bati halikuwa kitu cha kununua, lilikuwa kitu cha kuombea. Unaandika barua, unapeleka kwa katibu, katibu anapeleka wilayani, unangoja. Baba yangu mdogo aliomba bati za nyumba yake akangoja mpaka akafa, na kibali kilitoka wakati tumeshamaliza matanga. Sasa ghafla maduka ya Bariadi yamejaa bati mpaka nje, zimeegemezwa ukutani kama hazina mwenyewe. Hata kwenye pamba, tuliyemzoea ni mnunuzi mmoja tu, sasa wakaja wengi na mizani yao, kila mmoja anakuita mzee wangu, mzee wangu. Nikauza, nikanunua bati kumi na mbili na saruji. Nikazipakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Ipo njia ya nyuma ya kijiji iliyo fupi. Sikuipita. Nilipita katikati, saa sita mchana, ili zing'ae.

Fundi nilimpata wa Mwanhuzi, mtu mrefu, maneno mengi. Alichora chini kwa kijiti: chumba cha pembe nne cha tofali, dirisha hapa, mlango pale. Ukutani meko ya tofali ya kufika kiunoni, mama anapika amesimama. Juu ya meko bomba la moshi, linatoboa paa linatoka nje.

"Moshi utapanda humu kama mtu anayepanda ngazi," akasema. "Mama atasahau kama moto una moshi. Wiki tatu, mzee, nakukabidhi."

Wiki tatu! Nilijiona tajiri wa siku.

Tukahitaji mtu wa kutupikia sisi wajenzi, na akaja mama mkwe wangu, mama yake mke wangu. Hapa lazima nieleze, maana wasomaji wengine ni wa huko mbali. Kwetu mama mkwe humwangalii usoni. Akija njiani, unaacha njia. Mahali alipo yeye ndani, wewe huingii. Si ugomvi, ni heshima, na mimi na yule mama tuliheshimiana hivyo miaka yote bila kuvunja siku hata moja. Neno likiwa la lazima linapitia kwa mtu wa tatu. Mtu wa tatu wetu alikuwa dada yangu mkubwa, mjane, jirani wa ua kwa ua, na ulimi wake ulikuwa hauna kifuniko.

Siku ya kubomoa kile kibanda, fundi aliingia na sururu akatoka mikono mitupu.

"Mzee, kuna bibi amekaa juu ya figa. Hatoki."

Nikasimama nje ya ua, mgongo nimewageuzia. Dada akasimama katikati.

"Anasema mafiga hayang'olewi," dada akasema.

"Kwa nini?"

"Anasema mafiga ya mwanamke yanang'olewa siku mbili tu, siku ameachwa na siku amekufa. Anakuuliza wewe mkwilima, mkwe wake, binti yake ni yupi katika hao?"

"Mwambie hajaachwa, na hajafa. Mwambie ni jiko jipya, atapika amesimama."

"Amekusikia, si kiziwi. Anasema apike amesimama, yeye ni askari?"

Fundi akaanguka kwa kicheko. Nilichukia, lakini kwa mama mkwe utajibu nini? Tukavutana hivyo mpaka jua la saa nane, mimi nazungumza na miti ya pamba, yeye anazungumza na dada, na bado amekalia figa. Mwishowe fundi ndiye aliyepata njia. Tubomoe kuta, tujenge mpya kuzunguka yale mafiga, yenyewe yabaki katikati pale pale. Mwenyewe akirudi atayang'oa kwa mkono wake, na hapo ndipo tutajenga meko na bomba.

"Kazi ya siku mbili hiyo," akasema.

Bibi akakubali, mimi nikakubali. Hata leo nikilifikiria sioni kama lilikuwa wazo baya. Ndio maana linaniuma.

Kuta zilipofika kiunoni, fundi akaniaga anakwenda Mwanhuzi kumwona mtoto anaumwa. Mwiko wake akauchomeka kwenye udongo juu ya ukuta. Kwetu fundi akiacha mwiko, hajaondoka. Yupo, ila hayupo. Ukimwondoa na kuita mwingine umemtukana, na huyo mwingine hatashika kazi yenye mwiko wa mwenzake. Tangu aondoke nikatoa mbegu ya kwanza, ya pili, ya tano. Mwiko upo. Mbegu ya nane nikapanda baiskeli.

Njiani, kijiji cha Kimali, nikakuta nyumba ya mtu imesimama nusu. Mwenyewe amekaa kwenye kivuli cha ukuta wake, na juu ya ukuta mwiko.

"Mwangaluka. Namtafuta fundi wa Mwanhuzi," nikasema.

"Mwangaluka. Umefika, yuko hapa."

"Yuko wapi?"

"Mwiko wake si huo?"

Nikamwambia hata mimi ninao mmoja. Tukaangaliana. Akaniambia basi kuna na mtu wa kanisani kwao, naye anao. Ruksa ilikuwa imewapa watu wote bati kwa mara moja, na mafundi walikuwa wale wale. Nilimpata siku ya pili nyuma ya duka la mtu huko Mwanhuzi, anajenga, na mkononi ana mwiko mpya kabisa.

"Mzee wangu!" akasema. "Ndiyo nilikuwa nakuja kesho!"

"Na mtoto?"

"Mtoto yupi?"

Nililala kwa jamaa nikangoja asubuhi, nikarudi naye amekaa nyuma ya baiskeli yangu, mtu mzima, miguu inaburuzika, ili asipotee tena. Tulipofika, mvua ikafika. Ilikuja mapema mwaka ule. Tanuru letu la tofali lilikuwa halijaiva katikati, tofali za ndani zikawa udongo tena. Tukafyatua nyingine, tukangoja zikauke, mvua, jua, mvua. Nilikuwa naamka naangalia kopo kabla ya kuangalia mbingu. Zilipobaki mbegu tisa, ukuta ulikuwa begani.

Sitasahau zile siku tisa. Nilichanganya udongo mwenyewe, nilibeba maji, nilipandisha tofali mpaka kucha mbili zikatoka. Fremu ya dirisha kwa seremala haikuwa tayari, nikasema dirisha tuzibe kwa tofali kwanza, tutalibomoa fremu ikija. Bomba haliwezekani, mafiga bado yako katikati na mwenyewe hajaja, na paa likitobolewa sasa mvua itaingia. Basi tuezeke.

Fundi alikuwa juu, misumari mdomoni, akasema, "Mzee, nyasi zinapumua. Bati halipumui. Niache uwazi hapa juu ya ukuta."

Uwazi ule, kati ya ukuta na bati, ulikuwa wa kiganja kimoja. Nikautazama. Nikaona panya wanaingia, mvua inaingia, na nikaona haupendezi, si kama nyumba za mjini.

"Ziba," nikamwambia.

Akaziba kwa udongo mzuri, akapiga mstari wa chokaa. Nilimwambia mimi. Sikutumwa na mtu.

Siku kopo lilipokuwa tupu, jiko lilikuwa limekwisha. Siku ile ile. Watu wakaja kutazama. Mzee mmoja mfugaji, mtu mgumu wa sifa, alipiga bati kwa fimbo yake akasikiliza mlio, akasema, "Huyu sasa ni mtu." Fundi akachomeka mwiko wake ukutani karibu na mlango, kwa ajili ya zile siku mbili za bomba, akaenda Kimali.

Mama mkwe akapika humo kwa mara ya kwanza. Jioni dada akaja kwangu.

"Mama mkwe wako anasema jiko halina pa kupumulia."

"Mwambie jipya hilo. Litazoea."

"Jiko linazoea?"

"Dada, huyo tangu siku ya mafiga anatafuta maneno."

"Anakohoa."

"Ni mzee. Wazee wanakohoa."

Kuingia kuangalia nisingeweza, yeye yumo ndani. Ningeweza kumwomba atoke kidogo. Hilo halikunijia kichwani. Nilichokuwa naona mimi ni jiko kwa nje, na kwa nje moshi haukuonekana kabisa. Nilifurahi. Nilimwambia dada, angalia, hata moshi hakuna.

Mke wangu alirudi na basi kesho yake, macho wazi. Aliliona bati toka barabarani akaanza kupiga vigelegele kabla hajateremka vizuri. Akanishika uso kwa mikono miwili, akanitazama karibu.

"Kumbe umezeeka hivi! Nani alikuwa ananificha?"

Tulicheka sana. Aliona ndevu zangu, aliona kuku, aliona ndama aliyezaliwa yeye akiwa mjini, akamtaja rangi yake kwa mbali. Alizunguka jiko mara tatu akihesabu bati. Akaniambia, "Nimwombe nesi msamaha." Hakuna siku niliyowahi kuwa mtu kama siku ile.

Wiki hiyo hiyo aliyang'oa mafiga yake kwa mkono wake, mama yake akishuhudia, akayapanga ukutani mahali pa meko, chini ya pale litakapopita bomba. Akawa anapikia hapo akingoja fundi.

"Bomba lini?" akaniuliza.

"Mwiko wake upo."

Mvua ilikuwa imekolea, tukaingia kulima. Mama mkwe alikaa mpaka tukapanda, akarudi kwake. Tukapalilia mahindi, tukapalilia pamba.

"Bomba lini, baba watoto?"

"Baada ya palizi. Mwiko upo."

Nikimwona asubuhi macho mekundu, nasema ni vumbi. Akisema yanawasha, nampa ile dawa ya tyubu aliyokuja nayo, mpaka tyubu ikaisha. Halafu akaacha kuuliza. Nilidhani ameridhika. Ni kosa la wanaume wengi, kudhani mwanamke aliyenyamaza ameridhika, lakini wengine wao hawalipii kama nilivyolipa.

Siku moja mvua ilitushika nyumbani mchana. Chakula kilichelewa. Nikaita, sikusikia kuitikiwa kwa sababu ya kelele za mvua juu ya bati. Nikakimbia mpaka mlangoni pa jiko, mlango umerudishwa kuzuia mvua, nikausukuma.

Moshi ulinipiga usoni kama blanketi lililolowa. Sikuona kitu. Nilirudi nyuma nikakohoa, nikainama, nikaingia nimeinama. Alikuwa amechuchumaa karibu na mafiga, macho ameyafumba kabisa, anasonga ugali kwa mkono mmoja, na wa pili anapapasa ukingo wa sufuria ajue ulipo. Kwa jinsi alivyokuwa anapapasa, niliona kwamba si mara ya kwanza. Alikuwa ameshajifunza.

"Nani?" akauliza.

"Mimi."

"Umepotea njia?"

Alikuwa anatania. Mwanaume jikoni.

Nilikwenda kuchukua jembe. Nilibomoa lile dirisha, nikapanda juu ya kinu nikabomoa ule udongo wa juu ya ukuta, mstari wa chokaa wote ukaanguka, na moshi ukatoka kwa wingi, mweusi, mvua inaupiga, ukaendelea kutoka muda mrefu. Dada alitoka kwake akidhani tunaungua.

Nilimtoa mke wangu nje, nikamtazama kwenye mwanga. Kope zilikuwa zimevimba, na katika jicho la kulia, juu ya lile jeusi, palikuwa na doa jeupe kama punje ya mchele.

Kesho yake nikampeleka hospitali, na nesi alikuwa yule yule. Alimtazama kwa kitochi muda mrefu, jicho moja, la pili, tena la kwanza. Kisha akanigeukia.

"Mzee, si nilikuambia wiki sita?"

"Nilimaliza," nikasema. "Nilimaliza wiki sita. Siku ile ile."

Sikuwa nabishana naye. Nilitaka mtu ajue. Akaniuliza moshi unatokea wapi, mke wangu akanijibia, "Bomba bado kidogo tu, nesi. Tulikuwa na palizi."

Jicho la kulia lilikwisha kabla ya mavuno. La kushoto lilijikokota, likaona vivuli, likaona mwanga wa mlango, na baada ya mavuno ya pili halikuona tena. Bomba lilijengwa na fundi mwingine kabisa. Niling'oa ule mwiko nikautupa kwenye lambo, na sikuogopa kumtukana mtu. Ilichukua siku mbili. Asubuhi alianza, kesho yake jioni alinawa mikono. Siku mbili. Na mimi nilikuwa na msimu mzima.

Alinilaumu mara moja tu. Tulikuwa tunachambua pamba, yeye kwa vidole, anachambua vizuri kuliko mimi. Akasema, bila hasira, kama mtu anayesema mvua itanyesha, "Ungeingia hata mara moja." Nikangoja aendelee. Hakuendelea. Nilitaka aendelee, anitukane, ataje mama yangu. Aliomba nimsogezee kikapu.

Sasa anayepika ni mke wa mwanangu. Na kwetu mke wa mwana naye ni mkwe, mahali anapopikia mimi baba mkwe siingii. Nilifikiria kuivunja hiyo desturi. Nilifika mlangoni siku moja, binti akaona kivuli changu, akakimbilia nje kwa aibu akaacha uji unafurika, na mwanangu akaja kunisema kwa heshima. Sikurudia. Kwa hiyo sijui kwa ndani kukoje. Binti ana mtoto mgongoni anapopika, na macho ya mtoto yanatoa machozi, wanasema ni mafua.

Kila asubuhi nasimama uani natazama bomba. Mke wangu amekaa kwenye kigoda chake karibu na mlango wa nyumba, uso ameuelekeza huko huko ninakotazama.

"Unatoka?" ananiuliza.

"Unatoka."

"Wote?"

Naona unaotoka. Uliobaki ndani siuoni.